Mkeka wa Maji ya Uvuguvugu

Mikumi,
Wilaya ya Kilosa,
Morogoro.

22 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Yusta,

Shikamoo shangazi. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe na watoto, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa mvua limetulia. Sisi hatujambo. Msimu wa kukata miwa umeanza, kwa hiyo Baba hurudi kutoka mashamba ya Ruhembe na masizi ya miwa iliyochomwa mpaka kwenye nyusi. Baridi nayo imeingia. Asubuhi Mama hunivalisha sweta mbili, nikashindwa hata kukunja mikono.

Baba alitaka nikupigie simu. Lakini kwenye simu kila mtu huniuliza kama bado naumwa, na nikimaliza kujibu salio limekwisha. Ndiyo maana nimeandika, nipate nafasi ya kukueleza na mambo mengine.

Nianze na hilo la kuumwa ili tulimalize. Selimundu, huu ugonjwa wangu wa damu, ni ile ile. Mwezi wa tatu nililazwa, kisha nikaletwa nyumbani kutoka shuleni Kilosa, na Mama akasema sitarudi bweni. Hakusema kwa hasira. Alisema tu kwamba kule hakuna wa kunisikia nikianza kuumwa, nami huwa sisemi mpaka maumivu yawe makubwa. Shangazi, hilo ni kweli.

Basi nikawa nalala, natazama mabati. Jirani yetu Bi Mwanakheri, mzee aliyehamia hapa kutoka upande wa Kidodi, alikuja kunipa pole. Alinitazama, akaondoka, akarudi na mzigo wa ukindu. Akaniambia mgonjwa ni miguu, vidole vyangu havijaandikiwa kulala. Siku hiyo hiyo akaanza kunifundisha kusuka ukili, ule utepe mrefu unaoshonwa baadaye uwe mkeka.

Ukindu hulowekwa kwanza ili ulainike, na yeye huloweka kwenye maji ya baridi. Mimi maji ya baridi siyawezi, huamsha maumivu. Kwa hiyo nilichukua sufuria ya ugali, nikabandika maji jikoni, nikatumbukiza ukindu mweupe pamoja na ule uliotiwa rangi ya zambarau. Maji yalipochemka rangi ikaachia. Ukindu wote ukatoka na mabaka, na sufuria pia. Mama aliisugua kwa mchanga mpaka akachoka, lakini ugali wa siku ile ulikuwa na uzambarau kwa chini. Baba alikula, akauliza tu kama ni unga mpya.

Bi Mwanakheri alipoona alicheka mpaka akakaa chini.

"Mke mwenza," akasema, maana ndivyo anavyonitania, "mimi nakufundisha kusuka, wewe unatupikia mkeka?"

Tangu hapo naloweka kwa maji ya uvuguvugu, kila rangi peke yake. Vidole vya Bibi Mwanakheri vina baridi yabisi, na siku moja alivichovya kwenye beseni langu akakaa navyo humo muda mrefu. Sasa hata yeye haloweki kwa maji ya baridi, ingawa kwa wenzake anasema anafanya hivyo kwa ajili yangu.

Nilidhani ni kazi ya kupitisha muda tu, lakini siku hizi naamka nikitaka kuona ua ninalolisuka limefika wapi. Haijaondoa maumivu, nisikudanganye. Zipo siku siwezi kushika kitu, na hapo huona huzuni kuuacha ukili ukikauka katikati. Bibi huuviringisha tu, akasema, "Ukikauka tutauloweka tena."

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikulijua. Ukili wangu ulikuwa na sehemu zilizokaza na kupinda. Akaniuliza siku zile nilikuwaje, nikakumbuka kwamba kila sehemu niliisuka saa chache kabla ya kuzidiwa. Mkono ulikuwa unajua kabla sijakubali kusema.

Wiki iliyopita nilikuwa nasuka uani, Mama akipepeta mchele. Nikaona ukili unaanza kukaza. Niliuweka chini, nikamwambia Mama maumivu yanakuja, nikanywa maji mengi na dawa, nikajifunika blanketi. Alikaa kando yangu. Jioni nilikuwa naweza kutembea, na hospitali hatukwenda. Usiku nilimsikia akizungumza na Baba kwa sauti ya chini, lakini sikuthubutu kuuliza walichokubaliana.

Mkeka wenyewe ulikwisha Jumatano. Kwa desturi ya kina Bibi, mkeka wa kwanza wa mtu anayejifunza haulaliwi na mwenyewe, humpa aliyemzaa. Nikampa Mama, mabaka na yote. Aliutandika chumbani kwake, na nilipomwona ameukalia nilifurahi.

Jana, shangazi, nilimkuta Mama amelivuta tranka langu la shule kutoka uvunguni. Alikuwa amekwisha kuweka blanketi na zile sweta mbili. Juu yake akaweka mkeka, ameuviringisha na kuufunga kwa kitambaa cha khanga.

"Huu ni wangu, nakuazima tu," akaniambia. "Desemba mkifunga shule uurudishe mwenyewe, kwa mkono wako."

Nilienda uani nikaanza kuchana ukindu wa mkeka wa pili, ambao ni wako. Bibi anauliza unapenda rangi gani, mbali na zambarau.

Baba na Mama wanakusalimu. Anitha, mdogo wangu, anakusalimu pia, anasema usisahau karanga. Wasalimu watoto, na umpe mzee Nikolaus, jirani yako, shikamoo yangu. Mungu akutunze, goti lako alipe nguvu za kukufikisha kwetu Desemba, unikute nimerudi.

Mimi nikupendaye, mtoto wa kaka yako,

Costancia Timotheo