Mchoro Usio na Sura

Shika simu!

Shemeji amempiga dada ukumbini, mbele ya watu wote, filamu yetu ya michoro inaonyeshwa.

Si unajua michoro ya ukutani ya kina bibi, watu hawachorwi sura? Ndiyo maana wanawake wachoraji walikubali nirekodi michoro yao. Dada alichora mume anampiga mkewe kwa mwiko. Nani angemjua?

Shemeji akasimama mwenyewe. Mwenyewe, mwenzangu! "Mwongo! Nilikupiga kwa mwiko lini? Nilikupiga kwa mkanda!"

Na mama mzazi wa shemeji amekaa kiti cha mbele.

Na dada alichora mwiko makusudi, ili kumsitiri!

Alipoona watu wamemgeukia, akapagawa. Akampiga dada ngumi ya mdomo, akampiga teke akiwa chini, akanirukia mimi kwa kiti. Fundi umeme wa ukumbi akamkaba. Aliyemkalia miguuni mpaka polisi wanafika ni mama yake.

Dada jino limeng'oka, damu mpaka kifuani. Namwambia twende hospitali, ananiuliza, "Kamera ilikuwa inarekodi?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi nipe brashi kwanza. Huyu namchora na sura."