Baba, Naomba Uione Suti Kwanza

Bergen, Norwe

Kwa Baba yangu mpendwa, Mwalimu Mstaafu,

Kasinge waitu, shikamoo Baba.

Ninaandika barua hii kukuomba ruhusa ya kuzamia tena majini, na kukueleza ni suti ipi nimeichagua na kwa nini. Nimeona si vema kulipitisha jambo hili kwa mtu mwingine, wala kulifupisha katika ujumbe wa simu, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba hoja yenye uzito huandikwa, tena kwa sentensi zilizokamilika. Kaka Justinian ataichapisha dukani kwake Miembeni na kukuletea mkononi hapo Buganguzi.

Natumaini kikohozi kimekuachia, na kwamba Mama hainami tena migombani kutwa nzima kama alivyokatazwa. Je, kahawa ya upande wa bondeni imezaa? Mimi ni mzima. Kazi ya maabara inaendelea vizuri, na msimamizi wangu amenikabidhi sehemu ya utafiti niisimamie mwenyewe, heshima ambayo hapa haimfikii kila mgeni. Kigumu ni majira. Jua huchomoza tukiwa tumeshaanza kazi na kuzama kabla hatujatoka, na watu wa hapa hawapigi hodi kwa jirani. Klabu ya kuzamia ndiyo iliyonipatia watu wa kucheka nao. Sitakuambia kwamba ni sehemu ya kazi. Ni burudani, nami naitetea kama burudani.

Najua kilichokuudhi. Ile picha niliyoituma kwenye kundi la ukoo, nikiwa nimevaa suti nyeusi ya mpira iliyonibana toka shingoni hadi vifundoni, haikustahili kufika machoni pako bila maelezo. Shangazi Domitila aliuliza, “Huyu ni Editha au kambare?” Baba Mdogo wa Nyanga akamjibu, “Kambare havai miwani, dada.” Nilikuwa bado nacheka simu yako ilipoingia.

“Editha, hiyo ni nguo au umepakwa rangi?”

“Ni nguo ya mchezo, Baba.”

“Basi mchezo huo usinihusishe,” ukasema, ukampa Mama simu.

Tangu siku ile, kila Jumapili nazungumza na Mama peke yake. Nakusikia ukipita nyuma yake, ukiuliza panga liko wapi, lakini simu haikufikii. Hiyo ndiyo baridi ninayoihisi kuliko ya hapa.

Suti ya kwenye picha nilikuwa nimeazimwa. Nilipokwenda kukodi nyingine, nilikusudia kukuridhisha, nikachukua kubwa kuliko kipimo changu. Mwenye duka aliinyanyua, akanitazama, akauliza kama ni ya mume wangu. Nikamjibu kwamba ni yangu, na kwamba kwetu nguo huachiwa nafasi. Bila shaka unalikumbuka sweta mlilonishonea nikiingia kidato cha kwanza. Mikono yake niliikunja hadi kidato cha tatu, na hakuna aliyeona ajabu, kwani wenzangu wote walikunja. Nami nikaichukulia suti kama sweta.

Kumbe suti ile ya mpira haizuii maji. Huyaruhusu yaingie kidogo, yakatulia kati ya mpira na ngozi, mwili ukayapasha joto, na hayo maji ya vuguvugu ndiyo blanketi la mzamiaji. Kubana kwake ndiko kunakolishika blanketi hilo. Ikipwaya, kila ukinyoosha mkono maji ya vuguvugu hutoka na ya baridi huingia. Baba, maji ya ziwa letu asubuhi ya mvua ungeyaita chai ukiyalinganisha na haya. Yaliniingia shingoni, yakashuka mgongoni, meno yakagongana hata nikashindwa kung'ata sawasawa mpira wa kuvutia hewa. Ingrid, mama wa makamo anayetufundisha, alinishika mkono na kunipandisha juu polepole.

Ufukweni alinifunika mablanketi, akasema, “Wewe hukuvaa suti. Ulivaa ndoo.”

“Nilichagua kubwa ili baba yangu asione aibu.”

“Baba yako anajua maji haya yalivyo?”

“Hajui.”

“Basi mweleze. Usiniletee ndoo tena hapa.”

Ndiyo maana nakueleza.

Ipo aina ya pili, nayo ndiyo niliyoichagua. Tunaiita suti kavu, kwa sababu imefungwa shingoni na mikononi hata tone lisipite. Ndani yake huvaliwa nguo nzito za joto, suruali na sweta, kwa hiyo yenyewe haina budi kuwa na nafasi. Aliyeivaa hafanani na kambare hata kidogo. Anafanana na fundi wa nguzo za umeme siku ya mvua. Hata hivyo, nisingependa udhani nimeichagua kwa ajili ya macho ya watu. Hata kama ungeisifu ile ya kubana, kwa baridi hii na kwa muda tunaokaa chini, ningechagua kavu.

Sitakuficha kasoro yake. Hewa iliyomo ndani hukimbilia panapoinuka, na ikijaa miguuni humpindua mtu kichwa chini. Nilianza kujifunza kwenye maji ya kifuani. Nilipinduka mara nyingi, wenzangu wakanicheka, hadi nikaweza kuitoa hewa na kujiweka sawa bila kusaidiwa. Ingrid ameridhika. Tena hakuna anayezamia peke yake. Kila mmoja ana mwenzake wa kumtazama.

Jumamosi hii klabu inakwenda kwenye mwamba ulio mbali kidogo na ufukwe, nami nimechaguliwa kuwa miongoni mwa watakaoshuka. Nimemwambia Ingrid kwamba jibu langu litatoka Buganguzi. Ukikataa, nitavua suti na kuwachemshia wenzangu chai, wala sitanung'unika. Ombi langu ni kwamba ukikataa, ukatae ukiwa umeiona hii, si kwa kuikumbuka picha ile.

Nisalimie Mama, mlinzi wa mgomba na wa afya yako. Msalimie Shangazi Domitila, ambaye ulimi wake naukosa huku. Msalimie Baba Mdogo aliyenitetea kwa miwani, na Bibi, umwambie kwamba senene alionikaangia niliwagawa kazini na kopo likarudi tupu.

Kaka Justinian atalala hapo nyumbani Ijumaa, na simu yake inaonyesha picha vizuri akisimama uani karibu na kibanda cha kahawa. Nitapiga nikiwa ukingoni mwa maji, nimekwisha kuvaa kila kitu isipokuwa kofia ya mpira, maana hiyo huziba masikio na nataka kulisikia jibu lako kwa sauti yako mwenyewe. Tukutane hapo, Baba, Jumamosi, saa tisa alasiri kwa saa za nyumbani.

Binti yako mtiifu,

Editha