Vidole Mia Tatu na Kumi na Viwili

Yaya,

Kaka yangu, tumepoteza avenue yetu, mtaa mzima, Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi. Nyumba sitini na nne. Yako ni ya tisa, mke wako na watoto bado wamo. Aliyeipoteza ni mi, mdogo wako.

Kampuni inataka kuchimba chini yetu. Komini, ofisi ya serikali ya hapa, ikaita mkutano Alhamisi hiyo: asiyetaka kuhama aje aseme. Tangu udongo wa mgodi wa Mutoshi ukufunike, kazi yako ya kuita watu mikutanoni ilibaki kwangu. Wewe ulipita mlango kwa mlango, ukakula tonge moja la bukari, ule ugali wetu, kwa sombe ya majani ya muhogo, kila nyumba kabla ya kusema neno. Mama Odia, jirani, alikuchokoza: "Huyu anatafuta batu ao anatafuta sombe?" Na mi nilikucheka: "Yaya, utapasuka tumbo. Batu ba leo banajibu mu telefone." Ukanijibu: "Mutu nimekula kwake ataona haya kubakia mu nyumba siku ya mukutano."

Mi nikafungua grupe ya WhatsApp. Nikauliza: nani anakataa kuhama? Ilikuwa Jumatano; kabla ya saa sita mchana, vidole gumba mia tatu na kumi na viwili. Watu wazima wa avenue hawafiki mia mbili, Yaya. Mi, bingwa wa hesabu, sikujiuliza. Waliobonyeza wengine wako Likasi, wengine Lubumbashi, wengine walishahama. Nilifurahi tu.

Alhamisi, mkutanoni wakafika watu kumi na mmoja tu. Komini ikaandika: waliobaki wamekubali. Mke wako alisimama mbele, mtoto mgongoni.

Na mi sikuwa kati ya wale kumi na mmoja. Nilikuwa mu duka langu, natuma: "Courage, jipeni moyo, batu yetu!" Mama Odia akajibu kutoka kulekule mkutanoni, grupe nzima ikisoma: "Chef, mukubwa wetu, siye tuko huku. We uko wapi?"

Sijaandika tena humo. Mke wako ananipakulia bukari kama kila siku. Naisukuma pembeni.

Komini imetupa muda mpaka Jumatatu kurudi kukataa, kila mtu kwa miguu yake. Telefone nitaiacha dukani, naapa. Ila sijui kama mtu wa haya kama mi anaweza kugonga na kuomba tonge.

Lala vizuri, Yaya. Kesho nitasimama kwenye kaburi lako. Nijibu wazi, ndiyo ao hapana: nianze kugonga na mlango wako, kwa mke wako? Jibu liwe saa kumi na mbili asubuhi, usichelewe.