Nyumba Namba Kumi na Mbili

Jumatatu, 5 Juni 1995

Shifti ya asubuhi, huku ugenini, mjini Saint Paul. Nimemwogesha Mzee Vaclav, nimempa uji na dawa. Halafu ramani. Mikono yake inatetemeka, kwa hivyo yeye anasema, mimi nachora. Kijiji chake huko Ucheki: bonde, kijito, bwawa katikati, kanisa dogo lisilo na kengele tangu wanajeshi waichukue wakati wa vita. Alitoroka mwaka wa arobaini na nane, akamwacha dada yake Marie nyumba namba kumi na mbili. Hakumwandikia. Aliogopa barua zingemletea shida na serikali. Baadaye ikawa aibu tu. Jumamosi mwanawe Tomas anasafiri na ramani hii kumtafuta Marie.

Akili ya Mzee inapungua kila siku. Naogopa tutachelewa.

Jumatano, 7 Juni

Jana nilibeba ramani hadi kwangu Roseville, nikaimaliza kwa wino. Nyumba zimefuatana barabarani, moja hadi thelathini na nne. Safi kabisa. Najiona fundi. Kesho atafurahi.

Alhamisi, 8 Juni

Aibu gani hii. Mzee ameitazama, akaisukuma.

"Hiki si kijiji changu. Hii ni Saint Paul."

Kumbe kwao namba zinafuata ni nyumba ipi ilijengwa kwanza. Namba moja iko kando ya bwawa, na jirani yake ni thelathini na nne. Kumi na mbili iko ng'ambo ya daraja lenye sanamu ya mtakatifu. Mimi nimeipeleka karibu na msitu! Nani alinituma nitie wino bila kuuliza? Mzee amelia. Nimejikasirikia vibaya.

Ijumaa, 9 Juni

Karatasi mpya. Ya jana ameshasahau. Amenitajia nyumba moja moja, ya kwanza kujengwa hadi ya mwisho, nani alijenga, ipi iliungua. Asubuhi nzima. Kufika ishirini na sita akaniita Marie. Nikamwambia aendelee. Akaendelea.

Sasa namfikiria Prisca, dada yangu, yuko Kitale. Tuligombana kwenye mazishi ya Mama. Miaka mitatu hatujaongea. Sitaki kumfikiria.

Jumanne, 13 Juni

Tomas hajapiga simu. Mzee anauliza kila baada ya dakika kumi. Nimevunja kikombe.

Jumapili, 25 Juni

Tomas amerudi. Marie yu hai, palepale namba kumi na mbili. Tomas ameirudisha ramani yetu, Marie ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. Mti wa peasi ulishakatwa. Kinu cha kusagia nafaka kiko upande wa pili wa kijito. Mzee amekasirika kwelikweli, anasema Marie ni mbishi tangu utotoni. Kisha amesinzia kitini, ramani kifuani.

Nimechora kwetu. Boma, josho la ng'ombe, njia ya mtoni. Kuna mahali pengi sikumbuki. Kesho naipeleka posta, iende kwa Prisca. Nimetia na kalamu nyekundu kwenye bahasha.