Kibali cha Jenereta

Jumatatu, 8 Agosti
Baridi ya kukata masikio. Nimewasha jenereta saa moja, ikakohoa mara tatu ndipo ikakubali. Betri tano za redio za wateja kwenye chaji. Kinyozi naye kachomeka mashine yake. Umeme wa mji hakuna tangu juzi.

Mchana barua ya baraza la mji. Kila mwenye jenereta awe na kibali. Moshi usiingie kwa jirani. Ukiingia, mashine inafungwa. Ukaguzi Ijumaa. Wanasema yupo mlalamikaji. Namjua. Mama Felista, ua kwa ua na mimi, mpika pombe. Anaanika kimea cha ulezi uani, moshi wangu unakifuata. Nimekasirika sana.

Jumanne, 9 Agosti
Chakula hakipiti. Nilipopunguzwa kazi, kiinua mgongo chote kiliingia kwenye hii mashine. Ikifungwa, mimi, mke na watoto wanne tunarudi Kaengesa kulima shamba la kaka. Siku hizi eti ruksa, kila mtu afanye biashara. Ruksa gani hii yenye barua?

Mama Felista kapita, kanisalimu kama kawaida. Nimeitikia puani.

Alhamisi, 11 Agosti
Nimepata akili. Bwana afya, ndiye mkaguzi, ni mgeni, katoka Tanga mwezi jana. Upepo wa huku haujui. Unaamka saa nne, na ukiamka unapeleka kila kitu kwa Mama Felista. Nimekwenda ofisini kumwomba aje saa mbili, eti baadaye nina msiba Kaengesa. Uongo. Hakuna aliyekufa. Kanipa pole.

Ijumaa, 12 Agosti
Kaja saa mbili kamili. Moshi ulipanda juu moja kwa moja. Akatazama bomba, akatazama paa la jirani, akagonga muhuri. Nimecheka peke yangu.

Saa nne upepo ukaamka. Sikutoka nje.

Jumapili, 14 Agosti
Baada ya misa Mama Felista kaja. Nilijiandaa kwa ugomvi. Alibeba mtungi. Akapiga magoti mlangoni, akapiga makofi yale ya heshima.

“Hongera ya kibali, jirani. Sasa watoto watasoma.”

Akaonja yeye kwanza, akanipa. Nikanywa. Dizeli. Pombe nzima ladha ya dizeli. Nikamtazama. Alipiga funda jingine, akajifuta mdomo, akauliza kifua cha mke wangu kinaendeleaje.

Hakuja kunikomoa. Ndiyo pombe aliyo nayo. Mke wangu anasema wateja wake wamehama, wiki ya pili sasa. Mimi sikujua. Sikutaka kujua. Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu utoto.

Jumatatu, 15 Agosti
Sijawasha. Kinyozi kauliza kulikoni, nikasema chujio la mafuta limeziba.

Nimezunguka kiwanja chote. Pa kuiweka ni kule chini korongoni tu, hakuna nyumba. Kujenga kibanda, kuvuta waya mrefu. Na kibali kinataja hapa hapa ilipo. Nikiihamisha, kinakufa.

Mke kasema nimerogwa. Baadaye, akichambua maharage, kasema hamisha.

Alhamisi, 18 Agosti
Nimerudisha kibali. Bwana afya hakuelewa. Nikamweleza upepo. Nikamweleza na msiba wa uongo. Akaweka kalamu chini, nikadhani ataniitia askari.

Kasema mashine isiwashwe mpaka ukaguzi mpya, huenda mwezi mzima. Na hawezi kufuta muhuri wake bila lalamiko jipya la maandishi. Akatoa fomu, akauliza aandike nani. Yule mama tena?

Nikamwomba kalamu. Mlalamikaji: nikaandika jina langu. Anayelalamikiwa: jina hilohilo. Akaisoma mara mbili, akaiweka kwenye faili.

Nimerudi kwa miguu. Nimekula, nimelala mchana.