Miti ya Chai ya Borafya

Ng'ambo, Unguja
20 Machi 1956

Kaka yangu mpendwa Usi,

Shikamoo. Natumai wewe na wifi Wanu hamjambo huko Usambara, na baridi haijakurudishia kile kikohozi. Mimi mzima wa mwili. Nimo ndani tu. Eda ya mume wangu haijafika hata nusu. Salamu zako za rambirambi zilifika, Mungu akulipe.

Nakuandikia kwa sababu ya ile miti ya chai uliyompa marehemu mume wangu Borafya mbegu zake. Aliipanda Kidichi, akailea kama watoto. Akichuma asubuhi, siku ile ile huyapitisha majani kwenye kikaango cha moto kama ulivyomfundisha, akayasokota kwa viganja, akayakausha mpaka yakavunjika. Yalibaki kijani. Mikono yake ilinukia majani hadi wakati wa kulala.

Sasa anachuma mdogo wake, Pandu. Anayaanika kwenye majamvi ya karafuu, kuku wanapita juu, na mvua ikija yeye huyazoa yangali na maji akayashindilia guniani. Gunia alilotuletea limeota ukungu. Nilimwambia, nikiwa nyuma ya pazia. Akacheka: "Shemeji, karafuu twazianika hivi hivi tangu enzi za babu. Umesikia mnunuzi gani kalalamika?"

Mama mkwe wangu, Bi Mwanapili, ndiye aliyekuwa akiinywa chai hiyo kutwa. Tumbo linamkata, chakula hakipiti. Nikimzuia, analia. "Kapanda mwanangu kwa mkono wake. Nawe wataka nimwage?"

Juzi wifi yangu Shemsa aliniletea kikapu cha majani mabichi. Nikayakaanga mwenyewe, kama nilivyozoea kumwona marehemu. Mama akaonja, akasema, "Hii ndiyo ya Borafya." Leo kala uji.

Lile gunia nimelifukia uani. Lakini Pandu anayo mengine, na anataka kuyapeleka sokoni mvua ikitulia. Kuna wazee na watoto watakaoinywa chai hiyo, na kizingiti hiki siruhusiwi kukivuka nikamzuie. Nasikia sauti yake barazani, basi.

Kaka, mwandikie wewe. Wewe ni mtu wa kiwanda cha chai, atakusikia. Mwambie majani yaone moto kwanza, yakauke sawasawa mahali safi, na yenye ukungu ayazike. Usikawie.

Wabusu watoto. Mungu akuweke katika afya na riziki ya halali.

Ukiinua kikombe huko, mkumbuke Borafya, nami niliyemo humu ndani unikumbuke.

Nduguyo akupendaye,
Mwanaasha