Migomba Tuliyoing'oa Nyamwaga

Mama Bhoke, mke mwenzangu mpendwa,

Wiki hii tumechuma maparachichi ya kwanza kwenye shamba lako, na sikuona wa kumweleza kama ambavyo ningekueleza wewe.

Nilipoolewa kwenye mji huu nikiwa mke wa pili, nilitegemea uninunie. Badala yake ulinipa machipukizi ya mgomba, ukasema, "Chimba shimo lifike gotini, halafu tutaongea." Tukaongea miaka mingi, tukiwa tumeinama.

Kisha ugonjwa wa mnyauko ukaingia. Siku moja wewe ulikata mkungu uliokuwa unapendeza kwa nje, kumbe ndani ndizi zimeoza na shina linatoa usaha wa njano. Ulikaa chini palepale. Bwana shamba akatuambia tung'oe migomba yote na kuifukia. Mume wetu hakutaka kusikia.

"Watoto watakula nini? Ng'oeni iliyougua tu."

Ulimjibu kwa heshima, ila hukurudi nyuma: "Baba Bhoke, hii iliyobaki imeshakufa. Bado kuanguka tu."

Tuliing'oa mimi na wewe. Ulipofika kwenye ile aliyokuachia mama mkwe wetu ulilia, na jembe hukuliweka chini. Msimu ule tulikula ugali wa muhogo hadi watoto wakatuchukia. Ukaleta miche ya parachichi, ukawa unaimwagilia kwa ndoo kutoka mtoni, huku kifua kimeshaanza kukubana.

Hukuiona ikichanua. Baada ya matanga, shemeji yetu alisema kwenye kikao cha ukoo kwamba shamba lako liwe malisho ya ng'ombe, kwa kuwa Bhoke ni binti, tena ameachika. Unanijua, mimi si msemaji wa vikao. Siku hiyo nilisimama.

"Shamba hili nimelichimba na mama yake," nikasema. "Mkitaka kuingiza ng'ombe, anzeni na langu."

Mume wetu akasema, "Shamba ni la Bhoke. Ng'ombe watafute kwingine."

Sikumshukuru. Nilikwenda jikoni nikalia, maana nilitaka uwe umeyasikia maneno yale kwa masikio yako.

Miti imebeba hadi matawi tumeyawekea nguzo. Wanunuzi wanafika kutoka Sirari, na Bhoke anabishana nao bei kwa sauti yako kabisa. Mara ya kwanza niligeuka nikidhani ni wewe. Bado nina hasira kwamba ulikwenda mapema, dada. Kuna asubuhi nalima mstari mzima bila kuongea na mtu.

Ila jana Bhoke amehamia kwenye nyumba yako na wanawe. Tangu tukuzike sikuwahi kuusukuma mlango ule. Tumeufungua pamoja, tukafagia, akawasha moto. Pumzika bila wasiwasi. Jikoni kwako kunafuka moshi tena.

Mdogo wako wa nyumba ya pili,
Mama Chacha